Si kila mafuriko ni El Niño: namna bahari yetu inavyojaza mto wa Sondu

Oktoba 2019 shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, alinipigia simu kutoka Sondu. Ana duka la nafaka pale sokoni, na shamba la mahindi upande wa chini wa Nyakach, si mbali na mto. Akaniuliza: "Shemeji, wewe ndiye unayefuatilia mambo ya hewa. Mwaka huu kuna El Niño au hakuna?"

Nikaangalia, nikamjibu bila wasiwasi: hakuna. Na kweli haikuwepo. Bahari ya Pasifiki, ambako El Niño huzaliwa, ilikuwa imetulia. Basi yeye akayaacha magunia yake ghalani kule shambani. Yalikuwa machache, kwani masika ya mwaka ule yalichelewa. Kabla ya Desemba kwisha maji yalikuwa yameingia ghalani. Mahindi yale hatukuyauza wala hatukuyala.

Jibu langu lilikuwa sahihi, lakini halikumfaa kitu. Yeye aliuliza kuhusu El Niño kwa sababu hilo ndilo jina sote tunalolijua tangu 1997. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia kwamba swali lake limepungua. Tena ni aibu zaidi kwangu mimi mtu wa Mombasa, maana mvua iliyomharibia mali yake ilitoka katika Bahari ya Hindi, hii tunayoamka nayo kila siku. Tangu hapo nimejitahidi kulielewa jambo hili, na leo nataka kulieleza kwa utaratibu, kwa faida ya walioko huku pwani na jamaa zao walioko bara.

Sondu ni mahali gani

Kwa asiyepajua, Sondu ni mji wa soko katika barabara ya kutoka Kisumu kwenda Kisii, ukishapita Ahero na Katito. Uko mpakani: huku Kisumu, kule Kericho, na Homa Bay iko jirani. Siku ya soko utamkuta Mjaluo na Mkipsigis wakipatana bei ya ng'ombe, ndizi na mahindi. Mji uko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, chini ya nusu digrii upande wa kusini.

Mto Sondu, wengine huuita Sondu-Miriu, huanzia katika msitu wa Mau, hupita nchi ya majani chai ya Kericho, hufika Sondu, kisha huteremka kwenye maporomoko ya Odino hadi nyanda za chini na kuingia Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria. Njiani kuna mtambo wa umeme wa Sondu-Miriu, wenye uwezo wa megawati 60. Watu wengi hudhani mtambo ule huzuia mafuriko. Sivyo. Hauna bwawa kubwa la kulimbikiza maji. Hutegemea maji yanayopita mtoni siku hiyo. Yakija mengi, yatapita mengi.

Kwa hiyo mkulima wa chini ana mambo mawili ya kuhofia: mvua ya mlimani inayokuja na mto, na ziwa linalopanda na kumrudishia maji. Yote mawili yana uhusiano na pepo za baharini.

Kaskazi, kusi na tangambili

Wazee wetu wa pwani walikuwa na elimu yao ya hewa. Walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, siku 365, wakazigawa kwa miongo, kumi kumi, na katika kila mwongo walijua upepo gani unatarajiwa na chombo gani kinaweza kutweka. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, ikileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huanza Aprili au Mei ikawarudisha. Katikati yake ni tangambili, wakati pepo zinapobadilishana zamu na bahari kulegea.

Ukitazama vizuri, mvua zetu kubwa ziko katika kubadilishana huko. Jua likivuka Ikweta, huvuta nyuma yake ukanda ambao pepo za kaskazini na za kusini hukutana. Zikikutana hewa hukosa pa kwenda ila juu, na ikipanda na unyevu wake hupoa na kunyesha. Ukanda huo hutupitia mara mbili: Machi hadi Mei ukienda kaskazini, ndiyo masika, na Oktoba hadi Desemba ukirudi kusini, ndiyo vuli. Kusi ikikaza kuanzia Juni, unyevu mwingi wa bahari hupita kando ya pwani yetu na Somalia ukaenda kunyesha India. Ndiyo maana sehemu nyingi za Kenya huwa kavu Julai, ilhali India inafurika.

Milima ya Kericho haifuati desturi hiyo sawasawa. Yenyewe hupata mvua hata Julai na Agosti, kutokana na hewa yenye unyevu inayotoka magharibi, upande wa misitu ya Kongo. Kwa hiyo mto wa Sondu haukauki kama mito mingine, na ardhi ya juu mara nyingi huwa imekwisha kulowa vuli inapoanza.

Huo ndio msingi, na hurudi kila mwaka. Swali ni kwa nini vuli ya mwaka mmoja hulisha na ya mwaka mwingine huzamisha.

Bahari ya Hindi na pande zake mbili

Kwa kawaida, Oktoba na Novemba, upepo wa katikati ya Bahari ya Hindi karibu na Ikweta huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Husukuma maji ya juu, yenye joto, kuelekea Sumatra. Hewa hupanda kule na mvua hunyesha kule. Kwetu hewa hushuka, na vuli yetu huwa ya kiasi.

Miaka mingine upepo ule hulegea au hugeuka kabisa. Maji ya joto hubaki upande wetu wa Afrika, na kando ya Sumatra maji baridi hupanda kutoka chini. Mvua nayo huhama. Indonesia na Australia hupata ukame, sisi tunapata gharika. Mwaka 1999 N. H. Saji, Toshio Yamagata na wenzao walilieleza jambo hili katika jarida la Nature, na sasa linajulikana kama Daipoli ya Bahari ya Hindi. Hupimwa kwa kutoa joto la maji ya upande wa mashariki katika joto la upande wa magharibi. Tofauti ikizidi nyuzi 0.4 na kudumu, wataalamu husema daipoli ni chanya, yaani imeelemea kwetu. Ikiwa hasi, mambo hugeuka na vuli yetu hupungua.

Katika Oktoba 2019, mwezi ule shemeji alioniuliza, tofauti hiyo ilipita nyuzi 2. Ilikuwa miongoni mwa daipoli kali kuliko zote zilizowahi kupimwa. Australia iliungua moto mkubwa miezi ile ile ambayo sisi tulikuwa tunazama. Pokot Magharibi maporomoko ya ardhi ya Novemba yaliua makumi ya watu. Na yote hayo bila ya El Niño.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa 1961 Kenya ilipata mvua ambazo wazee waliziita mvua za Uhuru. Mwaka huo pia daipoli ilikuwa chanya na El Niño haikuwepo. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2, na waliokuwa wamejenga ufukweni wakahama.

El Niño yenyewe

Simaanishi kwamba El Niño ni uzushi. Jina lilitoka kwa wavuvi wa Peru, waliona maji yao yakipata joto karibu na Krismasi wakayaita kwa jina la mtoto Yesu. Mwingereza Gilbert Walker, aliyeongoza idara ya hali ya hewa ya India kuanzia 1904 na kutafuta sababu ya pepo za msimu kukosa kuleta mvua, aligundua kwamba mgandamizo wa hewa wa Pasifiki na wa Bahari ya Hindi hupandiana kama pembea: huku ukipanda, kule hushuka. Mwaka 1969 Jacob Bjerknes akaunganisha pembea hiyo na joto la maji ya Pasifiki.

El Niño ikitokea, mara nyingi huamsha pia daipoli chanya huku kwetu. Hapo ndipo inapotuletea mvua. Mwaka 1997 vyote viwili vilikuja kwa nguvu pamoja, na kila aliyekuwa na akili wakati ule anakumbuka barabara zilivyokatika na madaraja yalivyochukuliwa. Lakini mwaka 2015 El Niño ya Pasifiki ilikuwa na nguvu karibu sawa na ile ya 1997, watu wakajiandaa, na mvua iliyokuja haikuifikia ya 1997. Bahari ya Hindi haikuitikia vile. Kinyume chake, La Niña ya 2020 hadi 2022 ilichangia ukame uliomaliza mifugo kaskazini mwa Kenya na katika baadhi ya kaunti zetu za pwani.

Basi kwa mtu wa Afrika Mashariki, mlango wa kwanza wa kuchungulia katika Oktoba ni Bahari ya Hindi. Pasifiki ni mlango wa pili.

Masika yana mambo yake

Daipoli kwa kawaida hufa Desemba au Januari, kaskazi inapoanza kushika. El Niño nayo haina mkono mkubwa katika masika. Ndiyo maana masika ni magumu zaidi kuyatabiri miezi kadhaa kabla.

Hapa kuna kitu kingine. Mwaka 1971 Wamarekani wawili, Roland Madden na Paul Julian, walieleza wimbi kubwa la mawingu na upepo linalotembea kutoka magharibi kwenda mashariki katika nchi za joto, likiizunguka dunia kwa siku 30 hadi 60. Linapokuwa juu ya Afrika na magharibi mwa Bahari ya Hindi, mvua hukaza. Likishasogea mashariki kuelekea Indonesia, mara nyingi hupungua. Kwa hiyo ndani ya msimu mmoja unaweza kupata majuma mawili ya kufurika na majuma mawili ya jua, na mkulima akadhani mvua imekwisha.

Vimbunga navyo huingilia. Kimbunga kikikaa mashariki ya Madagaska, huweza kuvuta upepo kutoka magharibi, ukapita juu ya Kongo na ziwa na kuja na unyevu wake hadi Kenya. Machi 2018, wakati wa vimbunga Dumazile na Eliakim, ndivyo ilivyokuwa, na masika ya mwaka ule yakawa miongoni mwa makubwa. Lakini kimbunga kikikaa mahali pengine hutunyang'anya. Machi 2019 kimbunga Idai kiliipiga Msumbiji na kuvuta unyevu upande wake, na masika yetu yakachelewa. Ndiyo sababu magunia ya shemeji yalikuwa machache. Mwaka ule ule mmoja bahari ilimnyima masika, kisha ikamzidishia vuli.

Sisi pwani upepo wa kutoka bara, umande, hatuuogopi. Ni upepo mtulivu wa alfajiri. Kwa mtu wa Kisumu na Kericho, siku kadhaa mfululizo za upepo wa magharibi katika masika ni dalili ya kujitayarisha.

Ziwa lina mvua yake

Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800. Ni kama bahari ndogo, na lina matlai na umande wake. Mchana nchi kavu hupata joto, upepo huvuma kutoka ziwani kupanda Kericho na Nandi, na kule hukutana na upepo wa mashariki unaovuka Bonde la Ufa. Wakikutana juu ya milima, alasiri hunguruma radi na mvua ya mawe hupiga majani chai. Usiku hugeuka: upepo hushuka kutoka milimani kwenda ziwani, na dhoruba huwakuta wavuvi wa omena wakiwa na taa zao majini.

Mtu wa Nyakach anatakiwa akumbuke jambo hili kuliko yote. Mvua ya Kericho hunyesha jioni, na maji yake humfikia yeye usiku, pengine mbingu juu yake imejaa nyota. Asubiri kulowa paa lake ndipo aamini, atakuwa amechelewa.

Mambo yanapokutana

Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinacholeta balaa peke yake. Balaa huja vinapokutana. Vuli ya 2019 ililowesha ardhi na kujaza ziwa. Masika ya 2020 yakaja makubwa juu ya ziwa lililokwisha kujaa. Maji mengi ya Ziwa Victoria, kiasi cha asilimia 80, hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mto unaotoka ni mmoja tu, Nile pale Jinja. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilionyesha mita 13.42, kikapita kidogo kile cha 1964. Mto unapofika kwenye ziwa lililojaa hupunguza mwendo na kutapakaa mashambani. Waliokimbia mafuriko ya mto walikuta ziwa linawangoja.

Ikarudi tena. Mwaka 2023 El Niño na daipoli chanya zilikuja pamoja. Oktoba ile Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba utabiri umebadilika, hakutakuwa na El Niño ya kuharibu bali mvua ya kawaida iliyozidi kidogo. Novemba zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa kwa mafuriko nchini. Masika ya 2024 yakafuata na kuua zaidi ya 250, na Mei ziwa likaivuka rekodi ya 2020.

Juu ya yote haya kuna joto la dunia. Kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7. Pepo ni zile zile za wazee, lakini mzigo wanaoubeba umezidi. Na huko juu, kikosi kilichoundwa na serikali kuhusu msitu wa Mau kilieleza mwaka 2009 kwamba zaidi ya hekta 100,000 zilikuwa zimepotea. Maji yaliyokuwa yakinywewa na msitu sasa hushuka yote kwa pamoja.

Nini cha kutazama

Nimeyafupisha hivi kwa ajili ya jamaa zangu, na wewe unaweza kuyatumia.

Agosti na Septemba, usiulize El Niño peke yake. Uliza pia: daipoli ya Bahari ya Hindi ikoje? Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa msimu, na kituo cha ICPAC hutoa wa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika yote.

Soma asilimia kwa makini. Utabiri ukisema kuna uwezekano wa asilimia 60 wa mvua kuzidi kawaida, maana yake ni kwamba katika miaka kumi kama huo, sita huzidi na minne haizidi. Mvua isipozidi, mtabiri hajasema uongo. Asiyetaka kuhatarisha mali yake hujiandaa hata kwa hiyo sita.

Msimu ukianza, fuata utabiri wa juma, maana hapo ndipo wimbi la Madden na Julian na vimbunga huonekana. Utabiri wa mwezi wa Septemba hauwezi kukuambia juma gani la Novemba litakuwa baya.

Mwisho, uwe na mtu juu mlimani wa kukupigia simu. Mkipsigis wa Kericho anayeona radi jioni anamjua Mjaluo wa Nyakach kwa biashara ya soko la Sondu. Simu moja ni shilingi chache.

Oktoba 2023 shemeji alinipigia tena. Safari hii nilimwambia El Niño ipo, daipoli ipo, na asimsikilize anayesema yamekwisha. Akakodi gari, akapandisha magunia yote Sondu mjini na mbuzi wake pia. Shamba lilizama, nyumba ya shambani iliingia maji hadi dirishani, na hilo hatukuweza kulizuia. Lakini Ramadhani ya 2024 walikula mahindi yao wenyewe.

Mvua ni rehema, na wakati wake anaujua Mwenyezi Mungu. Nasi tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Kumfunga ngamia kwa mtu wa Nyakach ni kujua bahari ya Mombasa ina joto kiasi gani mwezi wa Oktoba. Na kwetu sisi tulio karibu nayo, ni kumpigia simu.